Likisukumwa linawaka, kwa ufunguo linagoma

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama mfanyabiashara, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nachukua dagaa mwalo wa Kibirizi, napeleka Kasulu, nikirudi napakia maharage. Gari langu ni Toyota Probox ya gia za mkono, nililinunua kwa mtu likiwa limeshatembea sana.

Lilianza kama mzaha. Alfajiri moja mitumbwi imeshashusha, nimeshalipa, vijana wameshapakia, nageuza ufunguo: kimya. Taa za dashibodi zinawaka zote, redio inaongea, honi inalia, ila nikipeleka ufunguo mwisho hakuna kinachotokea. Hata mlio mmoja. Vijana wakasukuma, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka palepale kama halikuwa na shida. Nikaenda Kasulu na kurudi salama. Ikapita wiki, likarudia.

Fundi wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana gereji Gungu. Kwanza alisema betri imekufa, tukanunua mpya. Siku ya nne likagoma. Akasema stata, tukafunga ya mtumba. Likakaa wiki mbili nikamshukuru Mungu, halafu likagoma. Akasema plagi, tukabadilisha zote nne na koili moja. Likagoma kesho yake. Sasa anataka stata nyingine, eti ile ya mtumba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Nimejumlisha kwenye daftari langu la dagaa, imefika laki tano na themanini. Nikimwambia mume wangu, ananijibu nisimvunjie heshima mdogo wake.

Kuna mambo mawili ambayo sijui kama yanahusika. Likigoma, huwa nautikisa ufunguo juu na chini, na mara nyingine linakubali. Shemeji ananicheka, anasema hiyo ni imani. Ufunguo huo nimeuweka pete moja na wa nyumba, wa duka, makufuli matatu ya stoo na opena ya soda, kwa hiyo nikitikisa mtaa mzima unasikia. La pili, mwezi uliopita nilikuwa barabara ya vumbi kuingia kijijini, gari likazima likiwa linatembea. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe. Nilipolisimamisha nikarudisha ufunguo nyuma, nikageuza tena, likawaka.

Vijana wa Kibirizi wameshanipa jina: Mama Sukuma. Mimi Muha wa watu! Nisaidie, fundi. Ninunue hiyo stata?

Mama wa Dagaa, Kigoma

*

Marahaba, mama. Stata usinunue.

Nimeanza na jibu kwa sababu najua hela ya dagaa inavyopatikana. Sasa tukae tuzungumze taratibu, maana barua yako imebeba ugonjwa na dawa yake, na nina wasiwasi kwamba aliyelisoma gari lako hakukusikiliza wewe.

Tazama sentensi hii uliyoiandika kama malalamiko: likisukumwa linawaka palepale. Kwa fundi huo ni ushahidi wa mahakamani. Injini ya petroli ili iwake inahitaji izungushwe, ipate mafuta na hewa, na plagi zitoe cheche kwa wakati wake. Wale vijana wa mwaloni wanakusaidia jambo moja tu, la kuzungusha. Hawatii mafuta, hawatoi cheche. Kama kwa kazi yao peke yake gari linawaka mara moja na kukufikisha Kasulu, basi plagi ni nzima, koili ni nzima, pampu ya mafuta ni nzima. Plagi zile nne na koili ile vilitolewa bila kosa. Kama unavyo vya zamani, vitunze.

Tumebaki na upande wa kuzungusha. Na hapo ndipo mafundi wengi tunapokimbilia stata, ile mota inayozungusha injini, kwa sababu jina lake ndilo tunalolijua. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana wa gereji nilimfungia dereva mmoja wa daladala stata mbili ndani ya mwezi, kumbe tatizo lilikuwa waya wa ethi, ule wa hasi, uliolegea kwenye bodi. Hela yake sikumrudishia. Mpaka leo tukikutana ananiamkia kwa heshima, na mimi naangalia chini.

Umeme wa kuwasha gari una njia mbili. Kuna waya mnene unaotoka betri moja kwa moja hadi stata. Huo ndio unaobeba nguvu, na muda wote una umeme. Na kuna waya mwembamba unaobeba amri. Amri inaanzia kwenye swichi iliyo nyuma ya tundu la ufunguo, inapitia rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na kwenye baadhi ya magari ya gia za mkono inapitia pia kijiswichi kilichopo juu ya pedali ya klachi, ndipo inafika stata. Waya mwembamba usipoleta amri, stata inakaa tu kama mpagazi aliyelala: ana nguvu zote lakini hakuna aliyemwita.

Utajuaje ni njia ipi imekatika? Sikiliza. Ukigeuza ufunguo ukasikia "ta-ta-ta-ta-ta" ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Ukisikia "ta!" moja nzito kutoka chini, halafu kimya, amri imefika ila stata imeshindwa, mara nyingi ni vile vipande vya kopa vilivyolika ndani ya solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata yenyewe, na fundi mwenye subira hubadilisha kopa tu bila kutupa stata nzima. Wewe unasema kimya, hata mlio mmoja. Sina hakika kama uliangalia, lakini alfajiri ijayo likigoma tazama taa za dashibodi wakati ufunguo uko mwisho. Stata inapofanya kazi hula umeme mwingi na taa hufifia kidogo. Zikibaki zinang'aa vilevile, maana yake stata haijala hata punje. Haikuitwa.

Sasa njoo kwenye ile "imani" yako ya kutikisa ufunguo. Mama, huo ndio uchunguzi bora kuliko wote uliofanyiwa gari hilo, na haukukugharimu shilingi.

Unapoingiza ufunguo kuna vitu viwili nyuma yake. Cha kwanza ni kitasa, chuma chenye meno kinachotambua ufunguo wako na kufunga usukani. Cha pili, kimefungwa mgongoni mwa kitasa, ni boksi dogo la plastiki lenye nyaya nyingi. Humo ndani kuna vijisahani vya shaba vinavyogusana kila ukihama kutoka LOCK kwenda ACC, kwenda ON, hadi START. Gari likishawashwa na kuzimwa maelfu ya mara, shaba hulika na kuungua, hutengeneza vishimo na masizi meusi. Siku nyingine inagusa, siku nyingine haigusi. Ukiitikisa, inapata pa kugusia. Ndiyo maana betri mpya "iliponya" kwa siku nne na stata "ikaponya" kwa wiki mbili: hazikuponya kitu, shaba ilikuwa inagusa tu siku hizo. Ugonjwa unaokuja na kuondoka humpa sifa kila mganga.

Na huko kuzima barabarani ni tawi la mti huohuo. Sehemu ya START ikichoka gari haliwaki. Sehemu ya ON ikichoka gari linazima likiwa mwendoni, hasa pale pete yenye funguo sita na opena inapobembea kwenye mashimo na kuvuta chini. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyarudisha gereji magari madogo yapatayo milioni 2.6, yakiwemo ya Chevrolet Cobalt, kwa ajili ya swichi ya ufunguo tu. Kizuizi cha ndani kilikuwa laini mno. Pete nzito au mtikisiko uliweza kurudisha ufunguo kutoka ON hadi ACC, injini ikazima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kuokoa abiria isifunguke ajali ilipotokea. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Madereva waliambiwa waendeshe na ufunguo mmoja mtupu mpaka gari litengenezwe. Sisemi Probox ina kasoro hiyo ya kiwandani. Ya kwako imechakaa kwa umri na kwa uzito uliouning'iniza. Lakini ushauri ule ni wako pia, tena uanze leo kabla hujamaliza kusoma: toa ufunguo wa gari kwenye pete hiyo.

Likikuzimikia tena mwendoni, breki hubaki na nguvu ya msaada kwa kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo usipampu. Kanyaga mara moja, shikilia, sogea pembeni. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka. Ufunguo usiuchomoe wala kuurudisha hadi LOCK gari likiwa linatembea, utafunga usukani. Ile milima ya njia ya Kasulu haitaki mchezo huo.

Nimekuwa nikisema swichi, swichi, lakini nami sijaligusa gari lako. Nikikuambia ukanunue swichi kwa kukisia nitakuwa nimefanya kama shemeji yako. Kwa hiyo tupime. Kifaa ni testa: balbu ya volti 12, hata ile ya taa ya nyuma, imeungwa nyaya mbili. Kila fundi umeme anayo, na asiye nayo anaitengeneza kwa dakika kumi.

Muhimu kwanza: gia iwe huru, breki ya mkono juu, jiwe chini ya tairi, maana mtu atageuza ufunguo na mwingine mikono yake iko kwenye injini. Subiri siku ambayo linagoma. Siku linawaka vizuri halikuambii kitu. Waya mmoja wa balbu ushike chuma kisafi cha injini. Mwingine ugusishwe kwenye waya mwembamba wa stata, pale injini inapokutana na giaboksi. Wewe kaa kwenye usukani, kanyaga klachi, peleka ufunguo mwisho na ushikilie. Balbu ikiwaka kwa nguvu na stata isizunguke, nimeshindwa mimi na shemeji yako ameshinda: stata ndiyo mbaya. Balbu isipowaka, amri haifiki, na hata ukifunga stata mpya kutoka Japani haitazunguka. Hapo fundi ahamie chini ya usukani, apime waya unaotoka kwenye swichi wa START. Umeme usipotoka hapo, swichi imekufa. Ukitoka hapo lakini usifike chini, atafute rilei, kijiswichi cha klachi, au waya uliokatika katikati. Panya wa stoo za dagaa hawabagui waya.

Mimi kwa dalili zako mbili naweka shilingi yangu kwenye swichi. Habari njema ni kwamba kwenye Toyota nyingi za aina hiyo lile boksi la plastiki linatoka peke yake, kwa skrubu mbili za nyota, bila kugusa kitasa wala kubadili ufunguo. Atakayekuambia ununue seti nzima na funguo mpya mwulize kwa nini. Waya hasi wa betri utolewe kwanza. Boksi la zamani likitoka, lifungueni muone shaba yenyewe. Ukishaiona imeungua, hutahitaji mtu wa kukueleza tena.

Kuna hila moja nataka nikukataze. Mafundi wengine likigoma huchukua spana, wanaunganisha nati ya waya mnene na ncha ya waya mwembamba pale kwenye stata, cheche zinaruka, injini inazunguka. Ni kweli inafanya kazi, na kwa kweli inathibitisha kwamba stata ni nzima. Lakini nimeona gari lililosahauliwa kwenye gia likimrukia fundi aliyekuwa amechuchumaa mbele yake. Testa ya balbu inatoa jibu lilelile bila kuvunja goti la mtu.

Wakati mko kwenye boneti, angalieni vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, toa hasi kwanza, kisha chanya, osha kwa maji ya moto yenye magadi, yaleyale ya kulainishia maharage. Yanatoa povu yakikutana na asidi. Macho yawe mbali. Kausha, futa mpaka chuma king'ae, rudisha chanya kwanza, kaza, paka grisi. Na kama shemeji ana mita, betri iliyolala usiku kucha ikiwa nzima husoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 haina kitu. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, la sivyo altaneta haichaji na betri yako mpya itakufa bila hatia.

Wasomaji wengine mtaniandikia, kwa hiyo niseme haraka. Mwenye IST au Noah ya otomatiki asijisumbue kuita vijana, gari hilo haliwaki kwa kusukumwa. Likiwa kimya kwenye P, kanyaga breki, jaribu kwenye N. Likiwaka, kijiswichi cha gia ndicho kinachosumbua. Ufunguo ukikataa kabisa kugeuka, usiulazimishe ukakatikia ndani: mara nyingi usukani umejifunga, uchezeshe kushoto na kulia huku ukigeuza taratibu. Kitasa kikiwa kigumu kwa vumbi, msitie mawese jamani, wala mafuta ya kula, yanakamata vumbi na kuwa gundi. Sugua ufunguo kwa ncha ya penseli, ingiza na kutoa mara kadhaa. Ufunguo wenye chipu ambao gari halitaki kuutambua huonyesha taa ya alama ya ufunguo au kufuli ikimetameta. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine.

Na kama la kwako linazunguka vizuri, "nyeu-nyeu-nyeu", ila haliwaki, hapo ndipo pa kuuliza plagi, koili, fyuzi ya pampu ya mafuta na sensa. Weka ON bila kupiga stata, sikiliza siti ya nyuma. Magari mengi pampu husikika ikinguruma sekunde mbili tatu. Ila Probox na baadhi ya Toyota nyingine pampu huanza pale stata inapozunguka, kwa hiyo ukimya peke yake usikufanye ununue pampu. Likigoma asubuhi za mvua tu na mchana linawaka, tazama unyevu kwenye koili kabla ya yote.

Narudi kwako, mama, kwenye jambo ambalo naona linakuuma kuliko gari.

Shemeji yako simwoni kama mwizi. Namwona kama kijana anayekisia kwa sababu anaona aibu kusema "sijui bado", na anayekisia kwa hela ya mtu mwingine hukisia kwa ujasiri. Mumeo naye ana lake. Hakuna anayependa mdogo wake asemwe na mke mbele ya watu. Kwa hiyo usimpelekee maneno, mpelekee kazi. Siku likigoma usimwite gereji, mwite nyumbani, chai iwepo. Mwambie, "Shemeji, nimeambiwa tuanze na balbu kabla hatujanunua kitu, njoo unishikie waya." Wewe ukae kwenye ufunguo, yeye aone mwenyewe balbu haiwaki. Akigundua kwa macho yake, swichi atakayoifunga itakuwa ushindi wake, na jioni atamhadithia kaka yake jinsi alivyoipata. Mwache ahadithie.

Lakini moja usimwachie: mwulize stata yako ya kwanza iko wapi. Ile iliyotoka na gari. Uulize kwa utani wa shemeji ukitaka, ila uulize, maana inaonekana ilikuwa nzima na ni mali yako. Kuanzia sasa kila kinachofunguliwa kwenye gari lako kirudi mikononi mwako kwenye mfuko, hata kama ni plagi nyeusi.

Ukishapima niandikie balbu ilifanya nini. Hao vijana wa Kibirizi nao uwape dagaa kidogo. Wamekusukumia bure muda mrefu.